Apareyi ya masikio: inasikia upande gani?

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama na mtumishi wa shirika linalofanya kazi pamoja na chama. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa.



Komite iliniomba niseme juu ya masikio. Najua wengine wanajiuliza: tuko na shida ya mashamba, ya shule, ya nyumba tulizozikuta zimebomoka wakati meli ya Kigoma ilituteremsha Baraka, masikio yanaingia wapi? Nitajibu kwa kuanza na kosa langu mwenyewe.

Msimu uliopita tuligawa mbegu na majembe. Mimi ndiye nilisoma majina. Nilisimama kwenye baraza, mikro mkononi, spika ikiwa kando ya jenereta, watoto wakicheza nyuma, korali ikifanya mazoezi kwenye kanisa jirani. Niliita jina la mzee mmoja mara 3. Hakuna aliyeitika. Nikaandika "hayupo", nikaendelea. Kumbe alikuwa pale, kwenye benchi ya nne, tangu asubuhi. Alirudi nyumbani mikono mitupu, akifikiri jina lake limekatwa, kama vile majina yalivyokatwaga kule kambini. Alikaa siku 2 bila kumwambia mtu. Ni mjukuu wake ndiye alikuja kuniuliza.

Nilipokwenda kwake kumuomba samahani, alitoa apareyi ya sikio ndani ya mfuko wa koti, imefungwa kwenye kitambaa. Alipewa na wageni waliopita na karton nzima ya vifaa vile. Nikamuuliza: "Baba, juu ya nini hauivai?" Akanijibu: "Mwanangu, hii inaniletea jenereta, inaniletea watoto, inaniletea upepo. Wewe haikuleti."

Jibu lile lilinisumbua. Nilianza kusoma na kuuliza watu wa kazi hiyo. Leo ninawaletea yale niliyoyaelewa.

Kitu cha kwanza: kusikia vibaya si kupungukiwa na nguvu ya sauti tu. Ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti na kuzituma kwenye ubongo. Vikiharibika, kwa uzee, kwa mlio wa bunduki na bomu, kwa mutumutu ya ubongo, au kwa dawa zingine kama kinini nyingi na sindano za gentamisini, haviotagi tena. Mtu anapoteza sauti ndogo, lakini pia anapoteza uwezo wa kutenganisha sauti moja na nyingine. Anasikia kwamba watu wanaongea; hajui wanasema nini. Hapo ukimuongezea sauti ya kila kitu kwa pamoja, umemuongezea na fujo. Ndiyo ile jenereta ya mzee wetu.

Apareyi za zamani zote zilikuwa hivyo. Mwishoni mwa karne ya 19, Mmarekani mmoja, Miller Reese Hutchison, alitengeneza kifaa cha umeme cha kusikilizia kwa kutumia mikro ya aina ya telefoni. Kilikuwa kikubwa, na batri zake zilikuwa nzito. Transista iligunduliwa mwaka 1947 katika maabara ya Bell huko Marekani, na katika miaka ya 1950 apareyi zikapungua ukubwa hadi kukaa nyuma ya sikio. Lakini mikro yake iliendelea kusikia pande zote sawasawa: mbele, nyuma, kushoto, kuume.

Dawa ya shida hiyo haikutoka kwa waganga wa masikio. Ilitoka kwa watu wa redio, sinema na hotuba, waliotaka mikro imsikie muimbaji na iache kelele za watu. Mwaka 1939 kampuni ya Shure ilitoa mikro iliyoitwa Unidyne, kazi ya injinia Benjamin Bauer. Munaijua kwa sura: ile mikro nene ya chuma inayong'aa, yenye mistari mbele, inayoonekana kwenye picha za wakubwa wa zamani wakihutubia. Akili yake ilikuwa kwamba kipokea-sauti kimoja tu kinaweza kusikia mbele na kukataa nyuma, kama utakipatia njia ya hewa upande wa nyuma pia.

Inafanyaje? Fikirini watoto wawili wamesimama kwenye njia, mmoja mbele, mmoja nyuma. Mgeni anayetoka nyuma anamkuta kwanza mtoto wa nyuma, kiisha anafika kwa wa mbele. Sasa mwambie mtoto wa nyuma: "Ukimuona mgeni, usipige kelele mara moja. Ngoja muda ule ule mgeni anatumia kutembea hadi kwa mwenzako." Hapo watapiga kelele pamoja. Na wewe umeweka sheria: wakipiga kelele pamoja, usijali. Lakini mgeni akitoka mbele, mtoto wa mbele atapiga kelele kwanza, na wa nyuma atachelewa sana. Kelele zao hazikutani. Huyo mgeni unamjali.

Apareyi inafanya hivyo hivyo. Iko na matundu 2 madogo, yameachana kama sentimita 1. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde moja, kwa hiyo kutoka tundu moja hadi lingine inatumia kama milioni-30 ya… samahani, nilikosea hapo na kwenye mkutano watu walicheka: ni sehemu 30 hivi za sekunde iliyogawanywa mara milioni. Kifaa kinachelewesha sauti ya tundu la nyuma kwa muda ule mdogo, kinaitoa kwenye sauti ya tundu la mbele, na kinachotoka nyuma kinafutika. Kinachotoka mbele kinabaki.

Ili kitu hicho kiingie kwenye kifaa kidogo kama punje ya haragi, ilihitajika pia mikro ndogo, ya bei rahisi, isiyokula batri. Mwaka 1962, katika maabara ile ile ya Bell, watu wawili waliigundua: Gerhard Sessler, Mjerumani, na James West, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1931 katika jimbo la Virginia. Inaitwa mikro ya elektreti. Kwa miaka mingi telefoni nyingi tulizoshika mikononi zilikuwa na kazi yao ndani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Ujerumani, apareyi za kwanza zenye mikro ya upande mmoja ziliingia sokoni. Katika miaka ya 1990 zikaja zenye mikro 2 na kitufe cha kuchagua: pande zote, au mbele tu. Na tangu mwaka 1996 apareyi za kidijitali zilianza kuenea sokoni. Za leo nyingi zinachagua zenyewe.

Sasa wafadhili wetu wanaweza kusema: basi tutume zile za mikro 2 na shida imekwisha. Hapana. Naomba munisikilize hapa vizuri.

Apareyi haijui unataka kumsikia nani. Inajua tu pua yako imeelekea wapi. Kama mama anaangalia sufuria na bintiye anaongea nyuma yake, kifaa kitamfuta binti.

Ikivaliwa vibaya, imelala au imening'inia, matundu yanaangalia juu, na faida yote inapotea. Vumbi letu la kiangazi na jasho vinaziba tundu moja, na apareyi inarudi kusikia pande zote, bila mwenyewe kujua.

Kwenye barabara inaweza kuwa hatari. Motari anatoka nyuma. Anayetembea lazima ajue namna ya kurudisha kifaa kwenye pande zote.

Na umbali unaishinda. Kwenye kanisa la matofali na mabati, sauti inagonga ukuta na kurudi kutoka kila upande. Ukiwa mbali na anayesema, hakuna tena mbele wala nyuma. Katika maisha ya kila siku, mikro ya upande mmoja inaleta faida ya kama desibeli 3 au 4. Ni kitu kikubwa kwa mtu asiyesikia vizuri, silidharau. Lakini mahali pa wazi, ukitoka mita 2 na kusogea hadi mita 1 kutoka kwa mtu, umeongeza desibeli 6. Bila pesa. Bila batri. Kwa kutembea hatua mbili.

Siku ya majembe, mimi sikutembea hatua hizo mbili.

Tuko na methali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni sawa kwa mtoto mkaidi. Lakini nimesikia wakiitupia mama ambaye hakusikia tu kwamba mkutano umehamishwa. Tumewaita watu wenye kiburi, tumewaita wenye kuchanganyikiwa, kumbe tulikuwa tunaongea nyuma yao.

Kwa hiyo ninaleta mambo manne, na komite imekubali tuyapigie kura leo.

La kwanza ni sisi wenyewe. Tusisome majina kwa spika peke yake. Jenereta ikae mbali, nyuma ya nyumba. Benchi ya mbele iwe ya wasiosikia vizuri, na orodha iandikwe ukutani. Na mtu asiandikwe "hayupo" mpaka mmoja wetu ametembea kati ya mabenchi akimtafuta kwa uso. Kwa wale wanaotumia lugha ya alama, awepo anayeijua. Wao si wagonjwa wa kungoja apareyi. Wako na lugha yao.

La pili ni kwa wafadhili. Shirika la Afya Duniani lilihesabu mwaka 2021 kwamba zaidi ya watu milioni 430 duniani wanahitaji msaada juu ya kusikia kwao, na wengi wako katika nchi kama yetu. Kwa hiyo hatukatai vifaa. Tunakataa karton. Apareyi isiyopimwa kwa sikio la mtu ni kama miwani ya kuokota. Afadhali watu 10 wapimwe, watengenezewe kipande cha kuziba sikio kinachowakaa, na wafuatwe mwaka mzima, kuliko watu 100 wapewe kitu cha kufunga kwenye kitambaa.

La tatu ni batri, yale mawe madogo. Nyingi ni za zinki na hewa: ukitoa karatasi iliyobandikwa juu, hewa inaingia na batri inaanza kuisha, hata kama apareyi iko ndani ya sanduku. Inadumu wiki moja au mbili hivi. Tumeona watu wametoa karatasi zote siku moja, wakifikiri ni uchafu. Usitoe mpaka unaitumia, na uifiche watoto wasiimeze, maana inaweza kuua. Halafu tufikirie jua letu. Huko Otse, nchini Botswana, kulianzishwa kazi ya kutengeneza apareyi na chaja za jua zinazoitwa Solar Ear, na mafundi wake walikuwa viziwi wenyewe. Kijana wetu mmoja au wawili wanaweza kufundishwa kusafisha matundu, kubadili mipira na kupima batri. Ni kazi ya mkono kama kutengeneza telefoni, na hapa sokoni vijana wa telefoni tuko nao wengi.

La nne ni watoto. Sikio linalotoka usaha si jambo la kungoja liishe. Usitie mafuta, usitie majani. Mpeleke kituo cha afya. Na kwa mtoto wa shule ambaye tayari amepoteza kusikia, kuna kifaa kizuri kuliko vyote nilivyosema: mwalimu anavaa mikro ndogo karibu na mdomo, na sauti inaruka kwa mawimbi ya redio hadi kwenye apareyi ya mtoto. Hapo umbali unakufa kabisa. Kama mfadhili anauliza aanzie wapi, aanzie hapo, na shule moja.

Yule mzee yuko hapa leo, kwenye benchi ya mbele. Amenipa ruhusa niseme habari yake, bila jina. Majembe yake alipata. Apareyi yake tulimpeleka kupimwa. Wakakuta ni ya mikro 2, matundu yote mawili yamezibwa na vumbi, na haikuwa imerekebishwa kwa sikio lake hata siku moja. Sasa anaivaa nyumbani na kanisani. Sokoni bado anaiondoa, na ninaelewa.

Kabla ya kuanza nilimuuliza kama ananisikia. Akasema: "Kama utaacha kuangalia makaratasi yako, ndiyo."

Tupige kura.