Daftari la Mzee Naoroji

Wana Kilwa na Lindi mlioko hapa London,

Wazee wa Kilwa Kisiwani husimulia kuwa masultani wao wa mwanzo walitoka Shirazi, nchi ya Fars. Waparsi nao jina lao limetoka huko huko; walihama Uajemi na dini yao ya kale wakapokewa Gujarati. Ndiyo maana nikimtaja Dadabhai Naoroji, Mparsi wa India, naona namtaja jirani.

Alifika Uingereza 1855 kufanya biashara, baadaye akafungua kampuni yake ya pamba. Mwaka 1888 Waziri Mkuu Salisbury alimwita mtu mweusi, akitia shaka kama Waingereza wangemchagua. Mwaka 1892 watu wa Finsbury, mtaa wa mji huu huu, wakamwingiza Bungeni kwa ziada ya kura 5 tu.

Mimi nampendea daftari lake. Mfanyabiashara anajua: bidhaa ikitoka, kitu kirudi. Naoroji alipanga kinachotoka India na kinachoingia, mwaka baada ya mwaka, akaonyesha kuwa mishahara na pensheni za wakubwa wa Kiingereza hulipwa kwa jasho la mkulima wa India, na fedha hiyo hairudi.

Mwishoni mwa Julai 1905, nyuma ya Kilwa, Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuilima, na vita vya Maji Maji vikaanza. Hawakuwa na kiti Berlin, lakini hesabu yao ilikuwa ile ile. Desemba 1906, kusini kwetu njaa ya Maji Maji ikiua watu, mzee Naoroji wa miaka 81 alisimama Calcutta akadai India ijitawale.

Maji Maji ilipozimwa, ikafuata mifupa. Kati ya 1909 na 1913 tani zipatazo 250 za mifupa ya dinosaria na mawe yake zilibebwa vichwani na mabegani kutoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi, zikapakiwa kwenda Berlin. Mjusi wetu yuko kule, kimo chake zaidi ya mita 13. Msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, tunalijua jina lake. Wapagazi wengi hatuwajui, na hilo linaniuma.

Kwa hiyo, baada ya chakula, yeyote ambaye kwao husimuliwa habari za babu aliyebeba mzigo ule akae nami meza ya karibu na mlango. Nimekuja na daftari tupu. Tuanze na majina.