Chema Hakijiuzi Darini

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wiki hii nataka kubishana nao kidogo.

Mwaka 1975 vijana watatu weusi wa Detroit, Marekani, ndugu wa tumbo moja, waliingia studio wakarekodi nyimbo saba. David Hackney alipiga gitaa, Bobby aliimba na kupiga besi, Dannis akashika ngoma. Ulikuwa muziki wa kasi na ghadhabu, ule ambao baadaye dunia iliuita panki. Wakati huo hata Ramones wa New York walikuwa hawajatoa santuri yao ya kwanza.

Kundi lao liliitwa Death, yaani Kifo. David alilichagua jina hilo baada ya baba yao kufariki, akitaka kifo kitazamwe bila woga. Mkuu wa kampuni kubwa ya santuri alikuwa tayari kuwasaidia, kwa sharti moja: jina libadilishwe. David akakataa, na mkataba ukaota mbawa. Mwaka 1976 walijitolea wenyewe sahani moja, nakala 500 tu. Mwaka uliofuata kundi likavunjika, na kanda zikaishia darini.

David alifariki mwaka 2000 kwa saratani ya mapafu. Kabla ya hapo alimkabidhi Bobby kanda zile, akamwambia azitunze, maana siku moja dunia itazitafuta. Ikawa hivyo. Mwaka 2009 kampuni ya Drag City ya Chicago ilizitoa, miaka 34 baada ya kurekodiwa. Hata watoto wa Bobby walikuwa wamekua bila kujua kwamba baba yao aliwahi kupiga muziki ule.

Je, David alikuwa shujaa au mkaidi? Mimi naona yote mawili. Jina lilikuwa lake kulitetea, lakini gharama waliilipa watatu, na sifa zilipofika yeye alikuwa kaburini.

Hivyo narudi kwa wahenga. Muziki ule ulikuwa mwema, lakini haukujiuza. Uliokolewa na ndugu aliyekubali kutunza mzigo usiomletea hata senti. Akiba haiozi, ndiyo, ila lazima awepo mwenye kuiweka. Nawe msikilizaji, kama una kanda kuukuu uvunguni, usiitupe kabla hujauliza ni sauti ya nani.

Kwaherini hadi wiki ijayo.