MCHEZAJI ALIYESEMA BILA MANENO

Kaeni vizuri, kila mmoja na daftari lake.

Wengi wenu mmewahi kumsikiliza mpiga enanga usiku. Mtu ni mmoja, na enanga ni moja. Lakini mkimsikiliza mnamwona mfalme, mnamwona shujaa, na mama anayemlilia mwanawe mnamsikia. Kazi hiyo ya kujifanya mtu mwingine, ili watu waone na kufikiri, ndiyo kazi ya mchezaji wa jukwaani. Leo tutajifunza habari za jirani yetu aliyeifanya kazi hiyo.

Jina lake Robert Serumaga. Alizaliwa mwaka 1939 katika nchi ya Uganda, ng'ambo ya mpaka wetu wa Mutukula. Alikwenda Dublin, mji mkuu wa Ireland, akasoma elimu ya uchumi katika Chuo cha Trinity. Kisha alifanya kazi ya redio mjini London. Mtu mwenye elimu hiyo angeweza kutafuta kiti cha ofisini. Yeye aliporudi Kampala alishika michezo ya kuigiza. Aliandika michezo, aliwafundisha wachezaji, na mwenyewe alicheza.

Mwanzoni aliandika kwa Kiingereza. Lakini Januari 1971 Idi Amin alitwaa serikali kwa nguvu ya jeshi. Tangu hapo neno moja liliweza kumpoteza mtu. Je, mwandishi afanye nini? Akinyamaza, watu wake hawana msemaji. Akisema, atakamatwa.

Serumaga aliona njia ya tatu. Aliunda kundi la wachezaji, akaliita Abafumi, maana yake wasimulizi. Ninyi mnaosema Kihaya, msichanganye jina hilo na abafumu, yaani waganga! Wachezaji hao walizoezwa kusema kwa mwili: kwa ngoma, kwa wimbo, kwa kilio, kwa mikono na miguu. Mwaka 1974 walicheza mchezo uitwao Amayirikiti. Mchezo huo ulionyesha mateso ya watu, lakini haukutegemea maneno. Askari atamshitaki nani, ikiwa hakuna aliyesema neno?

Mchezo wao mwingine, Renga Moi, ulitokana na hadithi ya Waacholi. Shujaa amepata watoto mapacha. Mila inamkataza kumwaga damu mpaka mapacha wafanyiwe tambiko. Mara adui wanakishambulia kijiji. Je, awalinde watoto wake, au akilinde kijiji? Mwaka 1975 mchezo huo ulichezwa London katika jumba la Aldwych. Siku hizo jumba hilo lilikuwa makao ya kundi kubwa la Waingereza linalocheza michezo ya Shakespeare. Hadithi ya kijiji cha Afrika ilisimama juu ya jukwaa lile lile, wala haikuona haya.

Baadaye Serumaga aliishi nje ya nchi yake. Mwaka 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka wakaingia kwetu mpaka mto Kagera. Wazee wa Kyaka hawahitaji redio kuwaeleza siku zile. Amin alipoondolewa, Aprili 1979, Serumaga alikuwa Waziri wa Biashara katika serikali ya Yusuf Lule. Serikali hiyo haikumaliza miezi mitatu. Mwaka 1980 Serumaga alifariki mjini Nairobi, kabla ya kutimiza miaka 42.

Ndugu zangu, ninyi mnajifunza kusoma na kuandika ili muweze kusema jambo lenu. Serumaga alijua maneno mengi, tena ya vitabu. Yalipofungwa, alirudi kwenye ngoma na hadithi za wazee, akakuta bado zina nguvu. Basi kalamu isitufanye tuidharau enanga.

Maswali ya darasani:
1. Kwa nini Serumaga aliacha kutegemea maneno?
2. Ungekuwa wewe yule shujaa, ungechagua nini?
3. Andika mistari mitano ya hadithi uliyosimuliwa na bibi au babu yako.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.