Programu ya Zamani Ndani ya Simu Mpya



Tunaomba kuzungumzia jambo ambalo simu zenu hulifanya kimya kimya kila mnapofungua programu. Kila programu ya simu za Android hubeba ndani yake nambari inayotaja toleo la mfumo ambalo mtengenezaji aliilenga. Programu inapoendeshwa, mfumo huikagua nambari hiyo na kuamua ni kanuni zipi zitatumika. Inayojitaja kuwa ya zamani hupewa kanuni za zamani, hata kama simu yenyewe ilinunuliwa jana.

Nia ilikuwa njema: mfumo ukibadilika, programu zilizokwisha kuwapo zisiharibike. Ila kanuni za zamani zina ulegevu wake, na ulegevu huo ndio uliotuleta hapa.

Kabla ya Android 6, iliyotoka mwaka 2015, aliyekubali kusakinisha programu alikuwa amekubali kwa mkupuo kila ilichokiomba: ujumbe mfupi, majina ya jamaa, kamera, mahali alipo. Tangu toleo hilo, programu hulazimika kuomba ruhusa hizo wakati wa kutumika, na mwenye simu ana haki ya kukataa. Lakini sharti hilo huibana tu programu inayolenga toleo la 6 au la baadaye. Inayojitaja kuwa ya 5.1 hupata ruhusa zake siku ileile ya kusakinishwa. Walaghai walilitambua hilo, wakawa wanaandika nambari ya zamani kwa makusudi.

Kwetu sisi jambo hili ni zito, kwa kuwa ujumbe mfupi ndio stakabadhi ya pesa. Humo mna salio, jina la aliyetuma, na nambari ya siri ya kutumika mara moja itokayo benki. Programu inayousoma inayajua mapato ya nyumba nzima.

Tangu mwaka 2018, duka la Google Play huzitaka programu mpya zilenge matoleo ya karibuni. Kwa hiyo tunahofia zaidi faili linaloletwa kwa WhatsApp na mtu anayeahidi mkopo wa haraka. Android 14, ya mwaka 2023, hukataa kusakinisha programu zinazolenga matoleo yaliyotangulia la 6. Hata hivyo, ile iliyokuwamo kabla simu haijapandishwa toleo hubaki mahali pake.

Kwenye Android 10 na kuendelea, programu ya namna hiyo ikifunguliwa mara ya kwanza, simu huonyesha orodha ya ruhusa na kuwapa nafasi ya kuziondoa. Tunawasihi msiipite skrini hiyo kwa haraka. Tochi haina haja ya kusoma ujumbe wa mtu. Wenye Android 6 hadi 9 hawaioni skrini hiyo, lakini wanaweza kufungua Mipangilio, kisha Programu, wakaichagua programu husika na kugusa Ruhusa. Mkiondoa ruhusa, simu huonya kwamba programu ilitengenezwa kwa toleo la zamani na huenda isifanye kazi ipasavyo. Onyo hilo lisiwatishe. Ndiyo njia ya simu ya kuwaambia nambari iliyoikuta. Programu ikigoma kwa sababu imenyimwa ujumbe wenu, iondoeni.

Toleo la simu zenu limeandikwa katika Mipangilio, chini ya Kuhusu simu. Tunaomba kila mmoja alitazame sasa, kisha tupokee maswali.