Nyumba ni ya Nani? Msamaha wa Kodi ya Majengo na Haki ya Mjane



Leo tunazungumzia kodi ya majengo, jambo ambalo wengi huliona dogo. Tangu mwaka 2021 hukatwa tununuapo umeme wa LUKU, na mwaka 2023 kiwango cha nyumba ya kawaida kilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Mpangaji akikatwa, ana haki ya kumdai mwenye nyumba.

Sheria imewasamehe baadhi ya watu. Mzee wa miaka 60 na zaidi hasamehewi kwa umri peke yake, bali kwa nyumba anayoimiliki na kuishi ndani yake. Nyumba za ibada nazo zimesamehewa. Ama fremu za duka zinazopangishwa ubavuni mwa msikiti, hizo tusizivishe kanzu ya msikiti.

Wajerumani walipoleta kodi ya vibanda mwaka 1897, walihesabu vibanda. Leo swali ni la umiliki, na hapo ndipo mama zetu wajane hukwama. Kutoka Kyela mjini hadi Ipinda mnawajua: nyumba ingali na jina la marehemu, au imekwisha kuwa ya shemeji. Mila ya zamani ya Wanyakyusa iliwapa mali ndugu wa marehemu kabla ya wanawe, wala haikutoweka kwa watu kusilimu. Basi mjane akienda kuomba msamaha huulizwa: mama, nyumba hii ni yako? Naye hukosa la kujibu.

Jibu lipo katika Suratun-Nisaa, aya ya 12. Marehemu akiacha watoto, mjane ana thumuni. Asipoacha, ana robo. Ndugu wa marehemu hana fungu akiwapo mtoto wa kiume. Na thumuni ni milki kamili, si hisani ya wakwe. Mtasema: nyumba ya vyumba vitatu itagawanywaje kwa nane? Mafakihi wanayo njia iitwayo takharuji, yaani mrithi kutoka katika sehemu ya mali kwa kupewa badali. Wana wachukue shamba la kakao au la mpunga, mama abaki na nyumba yote, kwa ridhaa yao. Fungu la mtoto ambaye hajabaleghe haliguswi na ridhaa ya mtu yeyote. Kisha makubaliano yaandikwe, msimamizi wa mirathi ateuliwe na Mahakama ya Mwanzo, na jina libadilishwe. Hapo mama anaweza kuomba msamaha wake kwa haki.

Wapo vijana wafanyao kinyume. Hujenga kwa jasho lao, kisha huandikisha jina la baba mzee, ambaye hata haishi humo, ili wakwepe shilingi 1,500. Hesabuni vizuri, enyi vijana! Baba akifariki, karatasi husema nyumba ni tirka. Dada zenu wana mafungu, mama wa kambo ana lake. Je, kijana atasimama mbele ya kadhi aape kwamba maandishi yale yalikuwa uongo wake mwenyewe? Tumeketi katika vikao vya namna hiyo, na mara nyingi dada ndiye aliyeondoka na karatasi mkononi.