Maneno Mafupi Yenye A Mbili



Mtoto wa Majimoto, mkoani Katavi, aijua taa inayomulika sebuleni. Yule taa, samaki bapa wa baharini, huenda akamwona kwanza katika kamusi. Herufi ni zile zile. Kinachozitenga maana ni upatanisho: taa hii, taa huyu, paa hili la nyumba, paa huyu wa porini, kaa hili la moto, kaa huyu wa pwani.

Kiingereza nacho kimetuongezea moja. Neno bar liliiacha r mlangoni likawa baa, likamkuta mwenyeji wa siku nyingi, baa lenye maana ya janga. Baa hii, baa hili. Wake wa walevi, nadhani, hawaoni tofauti.

Zito zaidi limo katika vitenzi. Kaa, zaa na vaa hufundishwa kana kwamba huchomekewa l bila sababu: kalia, zaliwa, valia. Sivyo. L hiyo ni ya asili. Kiswahili kiliidondosha kabla ya a ya mwisho, kikaihifadhi kiambishi kinapofuata; penginepo iligeuka z, ndipo tukapata mkazi, mzazi na vazi. Kisukuma, ambacho wasemaji wake wamehamia kwa wingi huko Mpimbwe, bado kinasema kwikala na kubyala. Mwanafunzi wa Kisukuma anayekaririshwa kalia kama kioja ananyang'anywa ufunguo aliotoka nao nyumbani.