TREN YA PLASTIKI: MAZUNGUMZO KWA WAFANYAKAZI WA ENEO LA VIWANDA



Sisi watu wa reli tumezoea chuma. Zamani mtu akitaja plastiki tulifikiri ndoo na vitana. Lakini siku hizi plastiki imeingia katika kazi ya chuma yenyewe: gia, bushi, zipu. Na wengi wa vijana wetu huenda kila alfajiri Eneo la Viwanda kusimamia mashine zinazoimimina katika kalibu. Ndiyo maana twalileta neno hili mbele yenu.

Plastiki ni kama tren ndefu. Behewa la namna moja likiungwa maelfu kwa maelfu, hiyo ni polima. Ukichanganya namna mbili katika tren moja, hiyo ni kopolima. Tuchukue asetali. Mwaka 1960 kampuni ya DuPont ya Marekani ilianza kuuza asetali iitwayo Delrin, ambayo mabehewa yake yote ni fomaldehaidi, na mwishoni limetiwa kufuli. Ni ngumu, nayo yateleza vizuri. Lakini joto likizidi kufuli huvunjika. Behewa la mwisho lachomoka, la pili lafuata, hata tren nzima imekuwa gesi. (Kwetu yadi mtu angefukuzwa kazi.)

Mwaka 1962 Celanese, nao wa Marekani, wakaleta Celcon. Wao walitia hapa na pale mabehewa machache ya namna nyingine, yenye kiungo kisichochomoka upesi. Uharibifu ukifika hapo husimama. Walipoteza ugumu kidogo, wakapata kitu kinachostahimili joto. Twaona walifanya biashara njema.

Hata hivyo, msidhani kopolima haina hatari. Huyeyuka karibu digrii 165 za sentigredi. Ikichomwa kupita kiasi, au ikikawia mno ndani ya mashine, hutoa fomaldehaidi ambayo huwasha macho na koo. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliihesabu gesi hiyo kuwa huleta saratani kwa binadamu. Tena asetali isichanganywe kamwe na PVC, ile ya mabomba. PVC ikiungua hutoa asidi, na asidi huvunja asetali kwa ghafula. Gesi hujaa ndani, na plastiki ya moto yaweza kuruka kutoka mdomo wa mashine hadi usoni mwa mtu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Na mfanyakazi akiripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, asilazimishwe kurudi hapo mpaka itengenezwe.

Basi, kijana, kesho kabla ya kuwasha mashine soma gunia. Likiandikwa POM, ni asetali. Na uulize zamu ya usiku ilimimina nini, na kama mashine ilisafishwa. Sasa twangoja maswali yenu.